Benchi la Mzee Ekuam

Kaburu alifika Kiwanjani jua likishuka, akisukuma mkokoteni wa kuazima. Alikuwa ameambiwa kuna mama anauza benchi la nje, la mbao ngumu, kwa bei ya kutupa, na fundi wa viti kuukuu akisikia maneno hayo hata ugali huuacha mezani. Ndiyo kazi yake hiyo. Hununua viti vilivyochoka, vya kambi za watalii zilizofungwa na vya baa zilizohama, akavikwangua, akavipaka vanishi, akawauzia watu wa Bulla Pesa wanaotaka kupunga upepo nje ya nyumba zao za kupanga.

Mwenye benchi aliitwa Nakolong, mjane wa Kiturkana, mwembamba, asiyepoteza maneno. Benchi lilikuwa barazani, la mti wa mukau, halina hata tundu moja la mchwa. Lilikuwa limepakwa mafuta ya kondoo tabaka juu ya tabaka mpaka likawa jeusi. Mafuta yote yale, na hakuna nzi hata mmoja aliyetua. Hilo la nzi lilimpita Kaburu. Alichoona yeye ni mbao.

Nakolong hakubishania bei. Alisema benchi lilikuwa la marehemu mumewe, Mzee Ekuam, na kwamba yeye alikuwa anahamia kwa binti yake Rapsu asubuhi inayofuata. Walipomaliza kulipandisha mkokotenini, akamshika Kaburu mkono.

"Fundi, hiyo mafuta usitoe," alisema. "Ukitaka paka rangi juu yake. Lakini mafuta usitoe. Na mwezi mpya ukionekana, ongeza kidogo."

Kaburu akasema sawa, mama. Alilisema kama mgonjwa anavyomwahidi daktari kwamba ataacha chumvi. Maana hata fundi wa juzi anajua vanishi haishiki juu ya mafuta. Ukilazimisha, wiki haiishi kabla haijaanza kubambuka, na mteja anakurudia na maneno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema, lakini mkuu mwenyewe awe anajua kazi ya vanishi!

Siku iliyofuata alichemsha maji, akayatia magadi na sabuni ya unga, akalisugua benchi lile kuanzia asubuhi. Mafuta yalitoka mazito, ya manjano, yakatiririka hadi mtaroni. Harufu ya kondoo ilijaa kibandani. Kisha akachukua kipande cha kioo, maana kioo kilichovunjika hakinunuliwi na hukwangua kuliko patasi, akafuata na msasa mkavu, ule wa kukwaruza kwanza na laini baadaye. Mbao ikatoka nyekundu, nzuri ajabu.

Hapo ndipo alipoona mashimo mawili ya kina kifupi upande wa kulia. Ni makalio ya mtu mmoja yaliyoichimba mbao ile kwa kukaa, miaka na miaka, mahali pale pale. Kaburu hakupenda kuyaangalia. Alichanganya vumbi la mbao na gundi, akayajaza, akayasawazisha na msasa. Akapaka vanishi mara mbili, iliyokuwa imebaki chini ya mikebe mitatu tofauti.

Kesho yake jioni vanishi ilikuwa imekauka kabisa. Lakini mashimo yalikuwa yamerudi.

Alijiambia ni gundi mbovu. Tena hakuwa na muda wa kurudia, kwa sababu Kinanu alikuwa karibu kufika.

Kinanu ni mke wake. Aliuza mboga sokoni, na kila jioni alipofunga meza alipitia kibandani, akakaa kando ya Kaburu juu ya chochote alichokuwa amekimaliza siku hiyo, akanyoosha miguu, kisha wakaenda nyumbani pamoja. Siku hizo miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, moja ikiwa na miezi mitano, na Kaburu ndiye aliyeizika. Hii ya tatu hawakuwa wakiizungumzia sana. Waliogopa hata kununua shuka.

Basi, akafanya alivyozoea. Mjomba wake Mawira, aliyemfundisha kazi, alimwambia kiti lazima kifunguliwe na fundi: yeye ndiye akae wa kwanza, asikie kama kinalia, ndipo kimfikie mteja. Kaburu hajawahi kuuza hata kigoda bila kukifungua.

Akakaa. Upande wa kulia.

Benchi halikulia. Alitikisa kiuno, akaridhika, akaweka mikono magotini ainuke.

Hakuinuka.

Alidhani ni vanishi, kwamba imemnasa suruali. Akacheka peke yake. Akajaribu tena... Suruali ilicheza vizuri tu. Ni mapaja yaliyokataa. Kulikuwa na uzito juu yake, kama wa mzee anapokuegemea mkono ili ainuke, ila huyu hakuwa anainuka. Na ile harufu ya kondoo, aliyoisugua kwa magadi siku nzima, ikampanda puani, mpya, ya moto.

Karibu na sikio lake la kushoto, mtu alikuwa anapumua.

Polepole. Kwa kukoroma kidogo. Pumzi ya mtu aliyezoea kungoja.

Kaburu hakugeuka. Jasho lilimtoka, na alikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtoto mdogo. Kibanda chake kiko nyuma ya kinu cha posho kilichofungwa, na hata angepiga kelele ni mbuzi tu wangesikia. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati. Akampigia Nakolong.

Simu iliita sana. Alipopokea, Kaburu hakusalimu, na mama yule hakuuliza ni nani.

"Umetoa mafuta," alisema.

Kaburu akakiri. Nakolong akaanza kueleza kwa sauti ya chini, kana kwamba alikuwa na watu karibu. Mzee Ekuam alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyeondoka bila kuaga. Mzee akakaa kwenye benchi, akaapa hatainuka hadi mtoto aje mwenyewe amshike mkono. Alilishwa hapo. Alinyeshewa hapo. Akafa hapo, na kumtoa ilikuwa kazi. Baada ya matanga shemeji yake akakaa, akashikwa. Watu wanne wakamvuta, wakamtegua kiuno. Baridi ilimwanza miguuni, ikapanda hadi kifuani, na ilipofika kifuani akanyamaza moja kwa moja. Tangu hapo wamekuwa wakipaka mafuta. Mafuta humlaza.

"Hataki kungoja peke yake," Nakolong alisema. "Nitakuja na gari ya kwanza asubuhi, na mafuta. Wewe vumilia. Lakini sikia, fundi. Mtu mwingine akikaa hapo, wewe ataachilia. Usikubali mtu akae."

Kaburu akatazama miguu yake. Vidole havikuwa na habari naye tena.

Mwadhini alikuwa anaadhini magharibi Kaburu aliposikia ndara za Kinanu. Alizijua, mguu wa kulia ukiburuta kidogo. Alifurahi kwa nukta moja, halafu akakumbuka. Na papo hapo, upande wa kushoto, mbao ikatoa sauti ndogo...

Kitu kilikuwa kinasogea. Kilisogea nyuma yake, taratibu, mpaka kikawa upande wa pili, na upande wa kushoto ukabaki wazi.

Mzee alikuwa amempisha mgeni.

Kinanu aliingia na kikapu kitupu, akasifu benchi, akasema mgongo unamkata kama kisu. Akaja moja kwa moja. Kaburu akamwambia vanishi ni mbichi. Kinanu akagusa kwa kidole, akakionyesha kidole kikavu, akacheka. Akaanza kujishusha, mkono mmoja tumboni.

Lipo neno ambalo mume anaweza kumwambia mke na likamsimamisha. Kaburu alilijua, na hakuwa na jingine.

"Mbili umeshindwa nazo," alisema. "Hii ya tatu usiniletee hapa kazini. Enda."

Kinanu akasimama wima. Alimtazama mumewe kama anayetafuta ni nani huyo, akaokota kikapu, akatoka, na ndara zikaenda mpaka zikapotea. Kaburu alilia. Lakini alilia akijua amefanya vyema, na kama hadithi ingeishia hapo ningemsifu kwa kila atakayenisikiliza.

Haikuishia hapo.

Giza likaingia. Baridi ilipita magoti. Ikapita mapaja. Mzee alirudi upande wake wa kushoto, akaendelea kupumua. Hakufanya lolote la vita. Hilo ndilo lililomchosha Kaburu kuliko mengine yote: kwamba mwenzake hakuwa na haraka. Akahesabu saa zilizobaki hadi gari la kwanza kutoka Rapsu. Akazihesabu tena. Baridi ilipofika kitovuni alianza kuzungumza naye, akamwomba msamaha, akamwahidi kondoo, akamwambia kwa kubahatisha kwamba mtoto wake hatakuja, amekufa zamani huko alikokwenda.

Pumzi ikakatika.

Kisha sauti, kavu, karibu kabisa: "Basi wewe utakuwa mtoto."

Baridi ikagusa mbavu za chini.

Na hapo akasikia ndara. Mguu wa kulia ukiburuta.

Kinanu alikuwa amerudi na uji kwenye chupa ya chai. Alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba amekaa nyumbani akawaza, na akaona mtu hawezi kusema neno kama lile asipokuwa na jambo linalomsumbua. Alisema hana hasira. Alisema atakaa naye hadi alimalize.

Upande wa kushoto ukasogea. Ukabaki wazi.

Kaburu amewaambia watu wa kanisa kwamba sauti ilimkwama, kwamba kitu kilimbana koo. Wamemwamini, na wengine wamemwombea. Mimi sijamwamini. Koo lake lilikuwa zima. Alikuwa na pumzi, alikuwa na ulimi, na alimwona akija kwa hatua kumi nzima, mimba mbele, chupa mkononi. Hatua kumi ni nyingi. Unaweza kusema usikae mara ishirini.

Alinyamaza.

Kinanu akakaa.

Uzito ukamtoka Kaburu mara moja, na damu ikampanda miguuni kwa maumivu matamu. Akainuka. Mkewe akauliza anakwenda wapi, uji utapoa. Akamjibu anakuja sasa hivi.

Hakurudi hadi asubuhi. Alikuwa amesimama kando ya barabara tangu alipotoka, na gari lilipomshusha Nakolong akamkokota mbio mpaka kibandani. Kinanu alikuwa ameketi pale pale, macho wazi, midomo ya buluu, mikono yote miwili ikikumbatia tumbo kama anayelizuia lisichukuliwe. Nakolong hakumuuliza Kaburu kitu. Alipaka mafuta mbao yote, akapaka miguu ya Kinanu, akanong'ona kwa Kiturkana muda mrefu. Kinanu akainuka bila kushikwa. Kaburu alinyoosha mkono amsaidie, naye akaupita.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, msichana, mzima, wakamwita Makandi. Ana miaka miwili sasa. Miguu yake huwa baridi hata wakati wa jua kali la Januari, na daktari amesema si ugonjwa.

Benchi halikuuzwa. Kinanu ndiye aliyekataa. Aliagiza liletwe nyumbani, likawekwa nje ya mlango, na yeye hulipaka mafuta mwezi mpya ukionekana. Nakolong alimfundisha yote, pamoja na mengine ambayo Kaburu hajaambiwa. Kuhusu usiku ule Kinanu amesema mara moja tu, akimnyonyesha mtoto, bila kuinua macho.

"Tulikaa tukiongea," alisema. "Mzee aliniambia uliniona nikija."

Kaburu akachukua patasi yake, akaenda kazini.

Kinanu hamtukani mumewe wala hamnyimi chakula. Mbele ya watu ni mke kama wake wengine. Ila mwezi uliopita Kaburu alitia kidole kwenye benchi akakuta mbao kavu, nyekundu, imesuguliwa vizuri kwa magadi. Akamuuliza mkewe kama amesahau mafuta. Kinanu akasema hajasahau.

Tangu siku hiyo, kila jioni anamweka mtoto mgongoni, anafunga leso, na kusimama kando ya benchi. Hakai. Anangoja Kaburu aingie langoni na vumbi la kazi, halafu anamwambia kwa upole, kama alivyokuwa akimwambia zamani:

"Baba Makandi, umechoka. Kaa."