Duane Aandika Barua ya Chuo

Duane Koskela hakujua kukaanga mayai. Kwa miaka ishirini na moja mkewe Renae ndiye aliyekaanga. Sasa Renae hayupo, na mayai yanaungua kila asubuhi.

"Baba, punguza moto," alisema Marit. Marit ni binti yake wa pekee. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa mwisho wa sekondari.

"Nimepunguza."

"Umeongeza. Umezungusha upande mwingine."

"Basi kula mkate."

Wakala mkate. Nje, theluji ya Machi ilikuwa imegeuka matope. Duane akachukua kofia yake ngumu, akaenda mgodini, ambako huendesha lori kubwa la kubebea mawe ya chuma. Marit akaenda shule kwa miguu. Zamani alipanda basi la shule, lakini dereva wa basi lile alikuwa mama yake. Sasa lina dereva mwingine, na Marit hataki hata kulitazama.

Renae alifariki Jumanne moja ya Februari. Alitoka kupeleka watoto shule, akavua buti mlangoni, akasema kichwa kinamuuma, akaanguka. Daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Katika nyumba ile, mambo ya chuo yalikuwa ya Renae. Yeye ndiye aliyemwandikisha Marit mtihani wa kujiunga na chuo. Aliazima vitabu vya mazoezi maktaba, bila kulipa chochote. Kila Jumapili alimkalisha Marit mezani, akamwekea saa, akakaa karibu naye akifuma soksi. Mara ya kwanza Marit alipata alama za wastani. Renae akamwambia, "Mtihani huu unaruhusiwa kurudiwa. Tunarudia." Mara ya pili alama zikapanda.

Mwezi wa Oktoba, Renae alimpeleka Marit kutembelea vyuo vitatu. Kila safari alimuuliza mumewe, "Twende wote?"

"Nina zamu."

"Badilishana na mtu."

"Nendeni nyinyi. Mimi nitauliza nini huko? Nitawaaibisha tu."

Hakwenda hata mara moja.

Chuo ambacho Marit alikipenda kinaitwa Tamarack. Kiko mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka mjini kwetu. Marit alitaka kusoma kemia. Barua ya kukubaliwa ilifika wiki tatu baada ya mazishi. Baadaye ikaja barua nyingine, ya msaada wa masomo.

Jioni hiyo Marit aliiweka barua mezani, kando ya sahani ya baba yake.

"Siendi chuo," alisema.

"Kwa nini?"

"Soma mwenyewe."

Duane akasoma. Msaada ulikuwa mdogo. Zilipungua dola elfu kumi na moja kwa mwaka.

"Dukani kwa Halvorson wanataka mtu wa kuanza Juni," Marit alisema. "Nimeshaongea nao."

Hapo baba alipaswa kusema, "Subiri, tuulize kwanza." Hakusema hivyo. Alisema, "Haya. Kama umeamua."

Na nitasema ukweli ambao Duane mwenyewe alinieleza baadaye. Moyoni alipata nafuu. Nyumba haitabaki tupu. Atarudi kazini jioni na kukuta taa inawaka. Akachukua uma, akala.

Kesho yake alikuja jirani yao, Bernice Zupancic. Kwa miaka thelathini alikuwa mshauri wa wanafunzi katika shule yetu. Amestaafu, lakini mji mzima bado unamwita Mwalimu. Alileta bakuli la makaroni na nyama, moto kutoka jikoni kwake.

"Marit anakwenda chuo gani?" aliuliza kabla hata ya kuvua koti.

"Haendi, Mwalimu. Msaada hautoshi."

"Nani kasema?"

"Barua imesema."

"Hebu nipe."

Akavaa miwani, akasoma polepole. "Ile fomu ya serikali ya kuomba msaada ilijazwa lini?"

"Renae aliijaza Desemba."

"Kwa mapato ya mwaka gani?"

"Sijui. Mambo hayo yalikuwa yake."

"Ya mwaka juzi. Fomu ile hutazama nyuma. Kwa hiyo chuo kinaona nyumba yenye mishahara miwili. Kwao Renae bado yuko hai, Duane. Bado anaendesha basi."

Duane akaweka kikombe chini.

"Hakuna aliyewaambia," Mwalimu aliendelea kwa upole. "Sikiliza. Kila chuo kina ofisi ya msaada wa masomo. Mambo ya nyumbani yakibadilika, kwa kifo, ugonjwa au mtu kuachishwa kazi, unaruhusiwa kuwaandikia barua wahesabu upya. Unaambatisha ushahidi. Hati ya kifo, na karatasi zako za mshahara. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa. Lakini usipowaandikia, watajuaje?"

"Niandike nini?"

"Uandike kwamba Renae amefariki."

Duane alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Siwezi! Sitamgeuza mke wangu kibakuli cha kuombea!"

"Huombi chochote kisicho haki yako. Unawaambia kweli."

"Kwako ni rahisi kusema."

"Mimi nilimzika mume wangu Stanley," alisema Mwalimu. "Najua si rahisi." Akaokota kiti, akakisimamisha. "Tarehe moja Mei ndiyo siku ya mwisho ya kukijibu chuo. Leo ni ishirini na sita Machi. Huzuni yako haitaisha kwa siku hizo. Lakini siku zitaisha. Ulipokuwa mwanafunzi shuleni kwetu ulikuwa unalala darasani, Duane. Leo usilale."

Akaenda zake. Duane alipogeuka, alimwona Marit amekaa kwenye ngazi. Alikuwa amesikia yote.

"Baba, usiandike."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Hata pesa zikitosha, siendi. Utakula nini? Utaongea na nani? Wewe hata mashine ya kufulia hujui kuiwasha."

Sasa Duane akaelewa. Alidhani mtoto anabaki kwa sababu ya dola elfu kumi na moja. Kumbe anabaki kwa sababu yake.

"Marit," alisema, "uliposema huendi, nilifurahi."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Ulimaliza chakula. Mara ya kwanza tangu tumzike mama."

Duane akakaa kwenye ngazi, chini ya binti yake, akafunika uso. Mabega yake makubwa yakatikisika. Marit hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata makaburini.

"Furaha ile ilikuwa mbaya," alisema alipoweza kusema. "Mama yako angenigombeza."

"Angekurushia kitambaa cha vyombo."

"Chenye maji."

Wakacheka kidogo, kisha wakalia tena, pamoja.

Jumamosi Duane alikwenda nyumbani kwa Mwalimu na kalamu. Aliandika barua ya kwanza. Mwalimu akaisoma.

"Umeandika habari za mgodi. Renae yuko wapi?"

Akaandika ya pili.

"Hapa umesema 'hali imebadilika'. Hali gani? Yule anayesoma hakujui. Mwambie."

Duane akatoka nje, akasimama barazani kwenye baridi bila koti. Mwalimu hakumfuata. Aliporudi, aliandika bila kusimama. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Kwa Ofisi ya Msaada wa Masomo. Mimi ni Duane Koskela, baba wa Marit Koskela, ambaye mmemkubali. Fomu yetu aliijaza mke wangu, Renae. Renae alifariki tarehe 11 Februari. Mshahara wake haupo tena. Sasa nafanya kazi mimi peke yangu. Naomba mhesabu upya msaada wa Marit. Naambatisha hati ya kifo na karatasi zangu za mshahara. Oktoba mke wangu alikuja na Marit kutembelea chuo chenu. Mimi sikuja. Aliporudi alisema ni mahali pazuri. Namwamini."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Nisahihishe?" aliuliza Duane.

"Usiguse hata neno."

Kisha akamfundisha mengine. Abaki na nakala ya kila karatasi. Baada ya wiki apige simu kuuliza kama barua imefika, na aandike jina la aliyepokea simu. Akamwambia pia kwamba mifuko midogo ya ufadhili ya hapa hapa mjini, ya kanisa, ya chama cha wafanyakazi, ya hospitali, mara nyingi hupata waombaji wachache. "Watu hukimbilia ufadhili mkubwa wa nchi nzima, wakaacha ulio mlangoni," alisema. Marit akaandika maombi matatu.

Katika siku hizo mtu mmoja alipiga simu. Aliahidi ufadhili wa uhakika, mradi Duane alipe kwanza kiasi fulani. Duane akamuuliza Mwalimu.

"Ufadhili ni wa kupewa," Mwalimu alijibu. "Anayetaka umlipe kwanza ni mwizi. Akipiga tena, kata simu."

Katikati ya Aprili chuo kiliwaalika wanafunzi waliokubaliwa pamoja na wazazi wao. Safari hii Duane alibadilishana zamu. Alivaa shati alilovaa kwenye mazishi, kwa sababu hakuwa na jingine zuri.

Kijana mmoja wa chuo aliwatembeza, akitembea kinyumenyume ili awatazame wageni. Wazazi wengine waliuliza maswali kwa sauti za kujiamini. Duane alikuwa na karatasi mfukoni yenye maswali aliyoandikiwa na Mwalimu. Aliitoa, akairudisha, akaitoa tena. Mwishowe akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani. Msaada wa masomo ni wa miaka yote minne, au wa mwaka wa kwanza tu? Na mwanafunzi akianza kufeli, nani humsaidia?"

Mama mmoja aliyekuwa kando yake akanong'ona, "Ahsante. Hata mimi nilitaka kujua, nikaogopa."

Walipofika jengo la kemia, Marit alisimama mbele ya benchi moja ukumbini.

"Mama alikaa hapa," alisema. "Viatu vilimbana. Aliniambia, nenda kaone maabara, mimi nitakusubiri."

Duane akakaa kwenye benchi lile. "Basi nenda kaone tena," alisema. "Mimi nitakusubiri."

Akakaa peke yake, mikono juu ya magoti. Alifikiri habari ya zamu zile tatu za Oktoba. Leo hakumbuki hata alibeba mawe gani.

Kabla ya kuondoka, waliingia ofisi ya msaada wa masomo. Alikuwepo mwanamke mmoja, Bi Okerlund.

"Barua yako nimeisoma, Bwana Koskela," alisema. "Pole sana. Bado tunahitaji karatasi moja, kutoka kwa waliomwajiri mkeo, kuonyesha mshahara ulikoma lini."

"Ulikoma siku aliyofariki," Duane alisema. "Nitawaletea karatasi."

Aliipeleka wiki hiyo hiyo. Jibu lilikuja tarehe ishirini na nne Aprili. Chuo kilikuwa kimehesabu upya, na msaada ukaongezwa. Pengo lililobaki lilikuwa dogo. Mfuko wa kanisa na mfuko wa chama cha wafanyakazi ikatoa kidogo kidogo, na Marit akapata kazi ya saa chache kwa wiki katika maktaba ya chuo. Siku nne kabla ya siku ya mwisho, Marit alijibu kwamba anakwenda. Baada ya kutuma jibu hakushangilia. Alienda kaburini akakaa huko mpaka jua likapoa.

Mwisho wa Agosti Duane alimpeleka. Alibeba masanduku ghorofa ya tatu, akafunga rafu ukutani, akazikaza skrubu mara mbili. Rafu ilipokuwa haina tena pa kukazwa, akasema, "Haya." Marit akamkumbatia. Duane aliendesha gari saa tatu mpaka nyumbani, akaingia, akakaa jikoni na koti lake.

Siku za kwanza zilikuwa nzito. Alikula mikate mingi. Alijifunza mashine ya kufulia, akaharibu shati moja.

Jumapili moja ya Oktoba, mchana, simu ililia.

"Baba," alisema Marit, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Nimefeli mtihani wa kemia. Wa kwanza. Wenzangu wote wamefaulu. Mimi si wa huku, baba."

Maneno yalimfika Duane mdomoni: *Ngoja nimwite mama yako.* Kwa miaka kumi na saba ndivyo alivyojibu kila mtoto alipolia. Akayameza.

"Mwalimu wenu ana saa za kuonana na wanafunzi?" aliuliza.

"Anazo. Kesho."

"Umewahi kwenda?"

"Naona aibu."

"Nenda hivyo hivyo, na aibu yako. Chukua karatasi ya mtihani. Mwambie, hapa sikuelewa, na hapa. Kuuliza si ujinga."

"Sawa." Akavuta pumzi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Namtaka mama."

Kwa hilo hakuna fomu, wala ofisi. Duane alikaa kwenye ngazi, simu sikioni, akimsikiliza mtoto wake akilia upande wa pili.

"Baba? Bado upo?"

"Nipo," alisema Duane. "Lia tu, mwanangu. Nipo."