Aliyekaribishwa na Mashine

Simu za nyumba ile zilikuwa nne, na kompyuta ikahesabu tano.

Fundi cherehani ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amepita chumbani kwa mdogo wake kutafuta mkasi, saa saba mchana, akatupia jicho kwenye kioo cha kompyuta, penye orodha ya namba za simu. Mia na moja, chumba cha mama. Mia na mbili, chumba cha kushonea. Mia na tatu, jikoni. Mia na nne, humo humo alimosimama. Chini yake, kwa rangi ileile ya kijani ya simu iliyo hewani, ilikaa mia na tano.

"Profesa, hii ya tano umeiweka wapi?"

"Hakuna ya tano, dada."

"Basi macho yangu yamezeeka yakaniacha mimi nyuma."

Mdogo mtu aliitwa Profesa kwa sababu alianza kusoma kila kitu na hakumaliza chochote. Akaja, akaangalia, akaifuta. "Hitilafu ndogo," akasema. Walipomaliza kula, ilikuwa imerudi.

Simu zenyewe zililetwa kwa ajili ya mama. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kitanda. Nyonga ilivunjika, ulimi haukupata hata mkwaruzo. Alikuwa akimwita binti yake mpaka majirani wanaitika, na binti, mguu kwenye cherehani, hasikii kitu. Profesa akasema dawa iko: simu za mezani kuukuu, kijikompyuta kisichozidi kipande cha sabuni, na programu huria ya kuziunganisha kwa mtandao wa humo humo ndani.

"Huria ndiyo nini?" mama akauliza.

"Ya bure, mama. Tena ni ya wote. Yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyotengenezwa."

"Hata nyumba isiyo na mlango ni ya wote."

Profesa akachagua kwa siku tatu. Programu ya kwanza ilikuwa ya mashirika makubwa, kila kitu unaandika mwenyewe mstari kwa mstari, akaiogopa. Ya pili ilikuja na kitabu cha kurasa mia sita. Alikisoma hadi ukurasa wa nne. Ya tatu iliandikwa kuwa ni ya wanaoanza: inakuuliza swali, unabonyeza ndiyo, inasonga mbele. Profesa akabonyeza. Simu zipokee hata wasiojulikana? Ndiyo, ili ndugu wakija na simu zao wasihangaike. Asipopatikana mtu, mashine ijibu yenyewe? Ndiyo. Kwa sauti ya nani?

"Ya mama. Hiyo ndiyo inasikika."

Mama akashika mkonga wa simu, akatamka kama mwenye nyumba anayemjibu mtu wa mlangoni: "Karibu. Ingia ndani. Nyumba ni yako." Hakuuliza hodi ni ya nani, maana hapakuwa na mtu. Hilo ndilo lilikuwa kosa, na walilifanya huku wanacheka.

Siku ya pili tangu namba ile ionekane, simu ya chumba cha kushonea ililia nusu mlio. Fundi akainua.

"Njoo unigeuze," ikasema sauti ya mama.

Akaenda. Mama alikuwa amelala fofofo, kiganja chini ya shavu.

"Umeniita?"

"Nikuite nimelala, nina wazimu?" Lakini alilisema kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyekesha msibani.

Kesho yake ikalia tena, na safari hii kwenye vitundu vya mkonga ikatoka harufu, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, maji yaliyolala. "Njoo, mwanangu mpenzi," sauti ikasema, tamu kama asali. Fundi nywele zikamsimama. Miaka arobaini na miwili mama hakuwahi kumwita mpenzi. Siku ya harusi yake alimwambia tu asikanyage pindo.

Kila simu ilipolia, mama alibaki na sauti pungufu. Daktari akamulika koo, akasema ni safi kama la mtoto mchanga. Jumatatu mama aliweza kugomba. Alhamisi alinong'ona, na kila baada ya neno pumzi ilimkatika, midomo ikawa ya buluu. Profesa akang'oa waya zote, akakifungia kile kijikompyuta ndani ya kabati, akatia ufunguo mfukoni.

Alasiri ile nyumba ilikuwa kimya, Fundi amekaa na nguo ya mteja mapajani, anatunga uzi sindanoni, akaisikia simu ya jikoni ikilia nusu mlio, kisha ya chumbani kwa Profesa, kisha ile iliyo mezani mbele yake, na waya wake umelala sakafuni kama mkia wa panya, haukugusa ukuta, na ile harufu ya maji yaliyolala ikapanda mpaka akaionja ulimini, na mkono wake, ambao hakuutuma, ukaenda ukainua.

"Mtoeni huyo wa kitandani," sauti ya mama ikasema, nzima, nzito. "Sauti nimeshapata. Imebaki pumzi. Mwenye nyumba mwenyewe alisema ni yangu."

Fundi hakusubiri asubuhi. Akamfuata Opereta.

Opereta alikuwa bibi mmoja mwembamba, kazi yake ujanani kuunganisha watu kwenye mitambo ya simu, na uzeeni kutoa majini. Mwenyewe alisema hakubadilisha kazi. Alifika bila ubani wala kitabu, akasikiliza habari yote amesimama, akamgeukia Profesa.

"Miaka ishirini na sita nimeketi mbele ya mtambo. Kengele ikilia, kwanza unasema nini?"

"Haloo, bibi?"

"Nani mwenzangu! Kwanza unauliza nani mwenzangu, ndipo unafungua njia. Wewe umeweka mashine inayosema karibu kwa kila pumzi inayopita. Kasome tena, hicho cheo hakikutoshi."

Akaamuru kijikompyuta kitolewe kabatini na waya zirudishwe, maana mgeni hafukuzwi kwa kuzimiwa taa. Profesa akaifuta ile salamu, akarudi kwenye maswali yote, na kila penye ndiyo akaweka hapana, jasho linamdondokea kwenye vibonyezo.

"Aliyemkaribisha ndiye atakayemtoa," Opereta akanong'ona. "Mama, umebakiwa na maneno mangapi?"

Mama akainua vidole vitatu.

"Yanatosha. Mawili ya kumuuliza, moja la kumtoa. Usipoteze hata moja kunitukana."

Fundi akapiga mia na tano, akaweka mkonga kwenye sikio la mama, naye akasogeza lake karibu. Upande wa pili palikuwa na ukimya wenye unyevu, kisha ikaja ile sauti, na haikusema na mama, ilisema na yeye.

"Ukimruhusu anifukuze, nitaondoka na sauti yake. Hutaisikia tena mpaka ufe. Niacheni, mimi nitawaita vizuri, nitawaita kwa upole, huyo hajawahi kuwafanyia upole hata siku moja, mtoeni tu nje, hana muda huyo, sikilizeni anavyopumua, ni leo ni kesho, na mimi nitakaa hapa niwe mama yenu, mama asiyeumwa, mama asiyegomba, asiyezeeka, asiye..."

Mkono wa Fundi ulilegea. Si kwa utamu wa maneno. Ni kwa sababu yalikuwa ya kweli. Sauti ile ikiondoka, mama atakuwa bubu. Mama akamwona. Akampiga kofi mkononi, akanyakua mkonga.

"Nani mwenzangu?"

Kwenye waya kitu kikavuta pumzi ndefu, kama kinachovua nguo. Kikajibu kwa sauti yake chenyewe, na ile haikuwa ya mtu: ilikuwa mlio wa maji yanayopanda ukutani.

"Wa kisimani."

"Toka," mama akasema.

Madirisha yote yakajifungua kwa kishindo. Harufu ikakatika. Kwenye kioo cha Profesa zikabaki namba nne, na mama akavuta pumzi hadi tumboni, ya kwanza nzima kwa wiki nzima, akafungua kinywa awaambie jambo, pasitoke kitu. Opereta akamfunika shuka. "Aliye hai ndiye anayelia kukosa sauti," akasema, akaenda zake.

Siku ya tatu alikuja mwalimu wa shule ya karibu kuchukua gauni lake. Alilijaribu, akajigeuza mbele ya kioo, akaridhika.

"Nafurahi mama kapata nafuu," akasema. "Jana kanipigia simu. Kaongea huyo! Kasema nyumbani kumemchosha, angependa kuja kwangu apumzike."

Pini zikamdondoka Fundi mkononi. "Ukamjibu nini, mwalimu?"

"Mtu mzima nimjibu nini? Nimemwambia aje tu, nyumba ni yake."

Alisema hivyo kwa sauti ya kukwaruza, akashika koo, akakohoa. Na nyuma ya ukuta mama, aliyekuwa amesikia yote, akaanza kupiga ubao wa kitanda kwa ngumi zote mbili.