Kila Mtu na Chupa Yake

Duka la mbao lilifurika watu, msumeno unalia, vumbi limetanda. Mshona mapazia, amependeza katika gauni la kijani, akapiga chafya. Seremala aliyesimama nyuma yake naye akapiga.

"Tumeitikiana," akasema seremala. "Vumbi hilo?"

"Mzio, kaka. Macho yananiwasha kama yametiwa pilipili."

"Hata mimi! Basi tupeane namba, tupeane pole."

Pole zikageuka mapenzi. Kila jioni simu: "Umekula, laazizi?" "Bado." "Basi na mimi sili."

Siku moja, kibarazani kwake, mshona mapazia alinawa mikono, akavuta kope ya chini, akadondosha tone moja la dawa ya mzio. Seremala akanyoosha mkono.

"Niazime."

"Hapana, mpenzi. Nunua yako."

"Kikombe tunanywea kimoja, dawa unaninyima? Kumbe unanionea kinyaa!"

"Sikuonei kinyaa. Chupa ya macho haichangiwi, vijidudu vya..."

Seremala hakungoja amalize. Akaenda zake, akazima simu. Kwa hasira akachukua chupa ya kaka yake, iliyofunguliwa tangu zamani, akaigandamiza ncha yake kwenye jicho. Kulipokucha jicho limevimba, linauma, haoni sawasawa.

Mshona mapazia alipiga simu asubuhi, akapiga mchana. Haipatikani. "Simpotezi kwa neno ambalo hata sikulimaliza," akasema. Akafunika cherehani, akaenda karakana.

Alimkuta ameinamia msumeno, jicho moja amelifumba.

"Weka chini hiyo!"

"Nina kazi ya watu."

"Utakata vidole, mkaidi we! Jicho linalouma si la matone ya dukani, ni la daktari. Twende."

"Nisipokwenda?"

"Nitakaa hapa hapa." Akakaa juu ya ubao uliojaa gundi, na gauni lake zuri vile vile.

Seremala akazima msumeno.

Daktari alisema jicho limewahiwa. Akampa dawa, akamwambia chupa ile aitupe. Likipona, ya mzio anunue yake mwenyewe, asome maelezo, ncha isiguse jicho.

Nje, seremala akamshika mkono. "Nilikuwa mjinga. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Jumapili njoo kwetu na mjomba wako."

Seremala akasimama ghafla. "Kuposa? Na jicho hili? Mama yako atadhani nimetoka kupigana."

"Mimi nitamwambia ulikuwa unamlilia binti yake."

"Akiuliza kama ni kweli?"

"Utamjibu mwenyewe."

"Basi nitamjibu," akasema seremala, akawasha simu kumpigia mjomba.