Nyumba Tisa Zilizokataa

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo, Chiriku alichukua kalamu na kibao cha kuandikia, akatoka na dada yake kwenda mtaani. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Dada yake alikuwa mwaka wa nne wa masomo ya udaktari. Majirani walishaanza kumwita Daktari kabla ya wakati, naye kila akiitwa hivyo aliona haya.

Daktari alikuwa akifanya utafiti chini ya mwalimu wake wa chuo. Alitaka kujua kwa nini wanawake wa mtaa ule wanaougua saratani ya matiti hufika hospitali wakiwa wamechelewa mno. Kazi ya Chiriku ilikuwa kutangulia. Alibisha hodi, akauliza kama mama mwenye nyumba yuko radhi kuhojiwa, kisha akaandika kwenye orodha: amekubali, amekataa, au hayupo. Dada yake alifuata nyuma na kuingia kwa waliokubali tu. Kwa mtoto mwenye mdomo kama ule, kazi hiyo ilikuwa raha tupu.

Jumamosi ya tatu zilibaki nyumba tisa za juu kilimani. Ngazi za kwenda huko zilichongwa kwenye udongo, nyembamba, na Chiriku aliapa kwamba zinafika mia mbili. Jua siku hiyo halikuwa na huruma. Karibu naye wenzake walikuwa wanaruka kamba. Alizitazama ngazi, akaitazama kamba. Basi akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akaandika "amekataa" mara tisa, akaenda zake kuruka.

Daktari alipoiona orodha alishusha pumzi, akasema haidhuru, mtu halazimishwi. Chiriku akaanza haraka kusimulia mchezo wa kamba.

Wiki mbili baadaye gauni lake la shule lilikuwa limempanda juu ya magoti, na mama akamtuma kwa fundi cherehani akashushiwe pindo. Na fundi aliishi wapi? Huko huko juu, nyumba ya pili. Chiriku alipanda shingo upande.

Fundi alimsimamisha katikati ya chumba, akapiga magoti na kuanza kuchoma pini kwenye pindo.

"Nilisikia dada yako anapita nyumba kwa nyumba," alisema. "Jumamosi tatu nimefagia, nikamwekea na kiti. Hakufika. Si neno, sisi wa huku juu tumeshazoea kurukwa."

Chiriku alikodolea macho sakafu. Fundi akazitoa pini zilizobaki mdomoni, akapunguza sauti.

"Hebu niulizie, mwanangu. Uvimbe usiouma, nao ni wa kuhangaikia? Ninao titini tangu mwanzo wa mwaka. Hospitali ni mbali, na nikifunga cherehani siku moja, hatuli."

Chiriku alishuka zile ngazi mbio. Nyumbani alimkuta Daktari amechangamka: mwalimu wake alikuwa amepata wauguzi wa kuja kuwapima bure wanawake wote waliokubali kuhojiwa. Zile nyumba tisa mwalimu alizipiga mstari mwekundu. Alisema watu wa juu hawataki, wasisumbuliwe tena.

"Hawakukataa," Chiriku alisema. "Sikupanda, dada. Niliandika mwenyewe."

Daktari hakumpiga wala hakumkaripia. Aliichukua ile orodha, akaisoma mstari kwa mstari, hata Chiriku akatamani apigwe yaishe.

"Unajua umeandika nini?" dada yake aliuliza hatimaye. "Umeandika kwamba watu tisa hawataki kupona."

Chiriku akalia, na katikati ya kilio akaeleza habari za uvimbe. Daktari alikuwa ameshavaa viatu kabla hajamaliza.

Alimweleza fundi kwamba yeye bado haruhusiwi kutibu mtu, ila uvimbe usiouma ndio hasa wa kupimwa haraka. Jumatatu alimpeleka hospitali mwenyewe. Kisha akaenda kwa mwalimu wake, akasema yote bila kuficha, na kwamba kosa la kumwachia mtoto kazi ile lilikuwa lake. Mwalimu aliufuta ule mstari mwekundu, lakini alikasirika sana. Nani sasa angejua majibu gani ni ya kweli? Aliagiza nyumba zote zirudiwe, na Chiriku asigonge mlango peke yake tena. Wenzake Daktari wakawasilisha ripoti zao. Yeye akabaki nyuma muhula mzima.

Ilikuwa saratani. Fundi alipasuliwa, kisha ikaanza tiba ndefu iliyomnyonyoa nywele na kumtapisha siku nyingine hata asitake kuiona cherehani. Madaktari walisema haikuwa imesambaa, ila hakuna aliyemwahidi kitu. Kila alasiri Chiriku alimpandishia ndoo ya maji. Ngazi zilikuwa mia moja na kumi na nane.

Siku moja fundi alimwomba amtungie uzi kwenye sindano, maana mikono ilikuwa inamtetemeka. Chiriku akautunga, ndipo akapata nguvu ya kuomba msamaha.

"Dada yako aliniambia, nami nilikusamehe zamani," fundi alisema. "Ila shika neno hili, mwanangu. Mimi nikitaka kukataa, mdomo ninao. Usimjibie mtu ambaye hujamuuliza, hasa yule unayeona uvivu kumfikia."

Jumamosi iliyofuata Chiriku na dada yake walipanda pamoja. Kwenye nyumba ya tisa, bibi mmoja aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema hataki maswali ya mtu, akafunga mlango. Chiriku alijifuta jasho, akashika kalamu, akaandika: amekataa.