Dirisha la Kumi na Mbili

Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Kobe aliondoa kidole kwenye kitufe. Ndani ya kioo cha Lenovo yake, mtu mweusi asiye na uso alisimama mbele ya ngazi, hatua kumi na tisa kutoka mlango mkubwa.

Aliiweka kompyuta mezani, akainuka, akaenda hadi kwenye mlango mkubwa wa nyumba aliyokuwamo. Akageuka. Akatembea taratibu, akihesabu kwa midomo bila sauti.

Kumi na tisa.

Mbele yake palikuwa na ngazi ileile. Kidato chake cha tatu kutoka chini kilikuwa na ufa upande wa kushoto. Kwenye mchezo pia.

Alirudi akaketi. Hakupenda kukata shauri kwa ushahidi mmoja, wala miwili. Ndiyo maana wenzake katika Idara ya usalama walimwita Kobe. Ndiyo maana pia, kati ya wale aliojiunga nao, yeye bado alikuwa hai.

Samsung yake ikatetemeka.

"Umehesabu?" Ilikuwa sauti ya Miwani, fundi mitambo wa Idara.

"Nimehesabu."

"Niambie nimekosea, kaka. Niambie macho yangu yamechoka."

"Hujakosea."

Miwani alishusha pumzi ndefu.

Mchezo wenyewe uliitwa Kivuli Kimya. Ni mchezo wa mtu mmoja: huna mwenzako, huna soga, huna wa kukusikia. Unanyatia nyumba ya watu peke yako, basi. Lakini ndani yake mna sehemu inaitwa Ghala. Mchezaji anaweza kujenga nyumba yake mwenyewe, ukuta kwa ukuta, kisha akaiweka huko. Mtu yeyote, popote alipo, anaichukua na kuicheza akiwa amejifungia chumbani kwake. Ramani za namna hiyo zilikuwa maelfu kwa maelfu. Idara ilisikiliza simu, ilisoma barua pepe, ilichungulia makundi ya soga. Haikuwahi kuchungulia mahali ambapo watu hawazungumzi.

Miwani alikuwa akicheza wakati wa chakula cha mchana, kupoteza mawazo. Leo alichomoa ramani moja bila kuchagua. Akaiona ngazi. Kengele za hatari za nyumba ile, maficho ya Idara, alizifunga yeye, kwa mikono yake.

"Imewekwa lini?" Kobe aliuliza.

"Siku nne zilizopita. Imechukuliwa mara tatu. Mmoja ni mimi. Mmoja yuko huko mbali, anaonekana mchezaji wa kawaida, kaandika maoni yake. Wa tatu hana jina. Ana nukta tatu tu. Fungua jedwali la muda."

Kobe alifungua.

Nukta tatu, siku ya kwanza: dakika nne na sekunde kumi.

Siku ya pili: dakika mbili na nusu.

Leo asubuhi: dakika moja na sekunde kumi na nane.

Mtu alikuwa akifanya mazoezi.

Kobe alipanda ngazi ndani ya kioo. Chumba cha pili kulia. Kiti kilielekea dirisha. Juu ya kiti palikuwa na mwanasesere wa kike, nywele nyeupe, shali ya buluu mabegani.

Akapanda ngazi za kweli, kompyuta mkononi. Chumba cha pili kulia. Mama mwenye nywele nyeupe alikuwa kitini, akisoma gazeti la juzi. Shali yake ilikuwa ya buluu.

Alikuwa mkemia kwa miaka thelathini na mbili. Ni yeye aliyefungua pipa la rangi bandarini na kukuta si rangi, bali sumu iliyopigwa marufuku, shehena nzima ikielekea kwenye mashamba ya watu. Kesho asubuhi angesimama mahakamani kuwataja walioileta. Wote waliojaribu kabla yake walikuwa wamebadili mawazo, au walikuwa wamezikwa.

"Mbona unanitazama kama jeneza, mwanangu?"

Kobe hakujua kusema uongo kwa watu wazima. Akampa kompyuta.

Mama alivaa miwani yake, akatazama kwa utulivu, kama mtu anayesoma kipimo cha maabara.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Wamenifanya mnene." Akairudisha kompyuta. "Sasa wanakuja lini?"

"Mjenzi wa ramani huchagua saa na mwanga. Huyu kachagua saa kumi kasoro dakika kumi. Ndipo walinzi wetu wanapopokezana getini."

Casio mkononi mwake ilionyesha saa tisa kasoro dakika ishirini.

Ilibaki saa moja na dakika kumi.

Redio ya Motorola ikakwaruza kiunoni.

"Kobe, hapa Mnara. Miwani amenieleza."

"Nakupata, Mkuu."

"Chai imeungua. Narudia, chai imeungua. Mtoe mgeni, mlango wa pili. Sasa hivi."

Mlango wa pili ulikuwa gereji. Kulikuwa na Prado yenye vioo vya kuzuia risasi, tangi limejaa. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Idara: hatari ikibisha mbele, mgeni anatokea gereji.

Kobe hakuondoka. Alirudi kwenye kioo na kufanya kile alichodhani nukta tatu alikifanya asubuhi. Alimlenga mwanasesere kitini, akafyatua.

Mchezo haukuisha.

Akaanza upya. Safari hii alirusha bomu la moshi jikoni. Mwanasesere aliinuka mwenyewe, akashuka ngazi mbio, akielekea gereji. Mtu mweusi asiye na uso alizunguka nje, akaingia kwa mlango mdogo wa pembeni, akasimama kwenye kona ya kulia, akangoja.

Risasi moja.

Kioo kikaandika: UMEFAULU.

Kobe akabonyeza redio. "Mkuu, gereji ndiyo mtego. Wanataka tukimbilie huko. Wanaujua utaratibu wetu kuliko makuruti wetu."

"Kwa hiyo mna mvujo wa siri," Mkuu alisema.

"Tuna mvujo. Naomba dakika kumi."

"Dakika kumi zako, Kobe, watu wengine wanajenga nyumba nazo."

"Kuna mwingine kaniwahi kuijenga, Mkuu. Naikagua tu."

Mkuu alikata redio. Kwa Mkuu, hiyo ilikuwa ruhusa.

Mtu wa haraka angeanza kuwakamata walinzi. Kobe aliwafikiria mmoja mmoja, akamfikiria fundi bomba, akamfikiria hata Miwani. Hakumhukumu yeyote. Alichukua futi ya kupimia kwenye kisanduku cha vifaa na kuanza kupima nyumba, chumba kwa chumba, akiilinganisha na ile ya kwenye kioo.

Dari za kwenye ramani zilikuwa fupi. Zote. Mjenzi alikuwa amebahatisha.

Gereji ya kwenye ramani ilikuwa boksi tupu. Gereji ya kweli ilikuwa na kabati la chuma lililosimama kwenye kona ya kulia, refu kuliko mtu. Mjenzi hakuwahi kuingia humo.

Lakini madirisha! Sebule, sentimita mia na arobaini na mbili. Kwenye ramani, uwiano uleule hadi ukingo. Jikoni, sawasawa. Vyumbani, sawasawa. Na juu ya kila dirisha kulikuwa na pazia lenye mikunjo. Nani hujenga nyumba ya kuuana, akapoteza siku nzima kukunja mapazia?

Alihesabu madirisha ya ramani. Kumi na moja.

Alihesabu ya nyumba. Kumi na mbili.

La kumi na mbili lilikuwa stoo, juu ya rafu ya ndoo na mafagio: dogo, kioo chake kimepakwa rangi nyeupe. Kwenye ramani pale palikuwa na ukuta mtupu.

Dirisha hilo halikuwa na pazia. Halikuwahi kuwa nalo.

"Miwani," alisema kwenye simu. "Yale maoni ya yule mchezaji wa mbali. Nisomee."

"Anasema, 'Dari zinabana, nusura nigonge kichwa, lakini mapazia haya sijaona mfano wake.' Halafu nyota nne."

"Mjenzi alijibu?"

"Subiri... Alijibu. Loo! Baada ya dakika mbili tu. 'Ahsante sana ndugu. Siri ni kukata kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha.'"

Kobe alilitazama tena dirisha lisilo na pazia.

"Fundi mapazia," Miwani alisema polepole. "Yule mpole. Aliyekuja mwezi uliopita na futi yake shingoni. Mimi nilimpa maji ya kunywa."

"Kila mtu alimpa maji ya kunywa, na kila mtu alizungumzia zamu na gereji mbele yake. Njoo na Suzuki yako, uchochoro wa nyuma, chini ya dirisha la stoo. Usipige honi."

Nondo za dirisha zilishikwa na skrubu nne. Tatu zilitoka bila ubishi. Ya nne ilikuwa na kutu, ikamlia dakika sita.

Mama mkemia alikitazama kile kitundu, kisha akajitazama.

"Kumbe walikuwa na haki ya kunichora mnene."

"Utapita, mama."

"Nikikwama?"

"Nitakusukuma. Utanisamehe kesho."

"Kesho nina kazi mahakamani." Alivua shali, akamkabidhi. "Iweke kitini. Watu waliojifunza namna hiyo, si vizuri wakute kiti kitupu."

Alipita, Miwani akampokea nje. Kiatu kimoja kilibaki ndani, Kobe alimrushia. Chini, Suzuki ilijiondokea kimyakimya kama paka aliyeiba.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano.

Kobe aliwapanga walinzi. Wawili getini, wapokezane kama kila siku, wacheke kama kila siku. Wawili jikoni, na blanketi zilizoloweshwa. Yeye alishuka gereji, akawasha injini ya Prado, akazima taa, akasimama ubavuni mwa kabati la chuma. Glock 19 mkononi. Kifyatulio baridi.

Kasoro dakika kumi kamili.

Kioo cha jikoni kilipasuka.

Moshi ulipita chini ya mlango, mweupe, mzito. Kwa ndani mtu alikohoa. Kwa nje, viatu vya mpira vilikimbia juu ya kokoto, haraka, bila kusita, kama mtu anayepita njia ya kwenda kwao.

Mlango wa pembeni ukafunguka.

Watu wawili. Barakoa. Bunduki fupi. Hawakutazama kushoto wala kulia; walipajua mahali hapa kwa moyo. Waligeuka pamoja kuelekea kona ya kulia, gizani, kwa kasi ya dakika moja na sekunde kumi na nane.

Wa kwanza aliligonga kabati la chuma kwa uso.

Mlio wake ulijaa gereji nzima. Wa pili alimvaa mwenzake mgongoni. Kwa nusu sekunde walisimama wakishangaa, kama watu waliokuta ukuta katikati ya ndoto.

Nusu sekunde ilitosha.

Kobe alifyatua mara moja, begani. Bunduki moja ikaanguka. Mdomo wa Glock ukagusa shingo ya wa pili.

"Hilo kabati," alisema kwa sauti ya chini, "hamkulifanyia mazoezi."

Yule wa tatu, aliyerusha moshi, alikamatwa akiruka ukuta.

Saa kumi na moja jioni Kobe aliegesha mbele ya duka dogo lenye vitambaa hadi darini. Fundi mapazia alikuwa kwenye cherehani ya Singer, futi shingoni, pini mdomoni. Nyuma yake kompyuta ilikuwa imewashwa.

Aliitazama Glock. Akatoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Yule mama yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai."

Fundi alifumba macho. Hakuonekana kufurahi, wala kuhuzunika. Alionekana amechoka.

"Nilianza kwa kujifurahisha. Mchana nashona, jioni najenga. Wakaja watu, wakasema jenga hii, jenga ile. Nikasema ni mchezo tu."

"Huenda," alisema Kobe. "Lakini shali ulijua ni ya buluu."

Fundi aliivua futi shingoni, akaikunja mezani.

"Yule mtu wa mbali, kwa nini ulimjibu?"

"Miaka ishirini navika madirisha ya watu, bwana. Mtu akiingia chumbani anasifu kochi. Anasifu televisheni. Yule alisifu mapazia."

Kobe alimfunga pingu taratibu, zisimbane. Kisha akaketi mbele ya kompyuta ya fundi na kumpigia Miwani.

"Mama?"

"Yuko salama. Analalamika kiatu kimepinda kisigino."

"Vizuri. Humu kwa fundi mna ramani nyingine tisa. Hazijawekwa Ghalani bado. Nakutumia."

Alisikia vitufe vikigongwa. Dakika tatu zilipita.

"Nane nazijua, kaka. Zote ni nyumba zetu. Kila moja ina mtu kitini." Sauti yake ilipungua. "Ya tisa siijui. Haina paa. Haina hata milango. Madirisha saba yanaelea hewani, basi. Na kiti."

"Nani yuko kitini?"

"Bado hajawekwa."

Kobe alimgeukia fundi. "Ya tisa ni ya nani?"

Fundi mapazia alitazama sakafu. Kwa mara ya kwanza alirudi nyuma, hadi mgongo ukagusa ukuta. Kobe aliona kuwa jina hilo asingelitaja leo.

"Mwambie Mkuu ahamishe nyumba zote nane kabla jua halijazama," alisema kwenye simu. "Yeyote asipitie gereji."

"Na ya tisa?"

Kobe alivuta karatasi. Akaandika upana wa madirisha, moja baada ya jingine, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima. La saba lilikuwa la ajabu, jembamba na refu, sentimita hamsini na tatu.

"Mji una madirisha mengi," alisema. "Nitaanza na mtaa huu."

Alimkabidhi fundi kwa walinzi waliokuwa mlangoni, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akatoka, akalipita gari lake, akashika upande wa kushoto wa barabara, akitembea bila haraka na uso ukiwa juu, akitazama majengo.