Nani Aingie Kwanza

Fundi friji alifika zahanati asubuhi na mapema, mpwa wake mabegani akilia kama king'ora kwa maumivu ya sikio. Muuguzi mmoja mwembamba, sare ya buluu, raba nyeupe, alikuwa akipita kati ya mabenchi akishika viganja vya watoto na kutazama vifua vyao. Akawapita. Akaenda hadi mwisho wa foleni, akampokea mama mmoja mtoto wake na kukimbilia naye ndani.

"Dada, sisi tumetangulia," fundi alifoka. "Au huyo ni ndugu yako?"

"Kaka, anayelia ana nguvu. Huyu hanyonyi, hashtuki, mikono baridi," alijibu bila kugeuka.

Kesho yake fundi alirudi peke yake.

"Unaumwa wapi?"

"Mdomo. Jana uliropoka. Yule mtoto?"

"Ananyonya."

Muuguzi akacheka, na kicheko kile kikamfuata fundi hadi kazini.

Simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula harufu ya dawa." Miezi mitano ikapita hivyo, hadi Jumapili fundi alipomwalika kwa mama yake. Mama alivaa gauni jipya, akangoja mpaka chakula kikapoa. Simu iliita bila kupokelewa. Jioni ukaja ujumbe: "Samahani. Sikuweza."

Fundi akanuna. Siku tisa hakupiga wala kupokea, ila roho ilikuwa juu juu. Alifungua friji za watu akasahau anatafuta nini.

Siku ya kumi dada yake alirudi zahanati na mtoto, akapata habari. "Jumapili ile alikuwa anatoka, mkoba begani. Wakaletwa watoto wawili kwa mpigo. Mmoja alimfia mikononi."

Fundi aliacha bisibisi palepale. Alimkuta kwenye ngazi za nyuma, amemaliza zamu ya usiku, macho mekundu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikupigia siku tatu, hukupokea." Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Nilianza na wa degedege. Wa pili nilidhani amelala. Mimi, ninayejua. Nikifumba macho tu, naanza upya: nani kwanza?"

Fundi aliketi kando yake. "Nilijali kiti kitupu tu. Nisamehe. Na nikuoe, ukiniridhia."

"Niulize nikishalala."

Akampeleka kwa mama. Mama alimtandikia kitanda chake mwenyewe, akafunga pazia, na mchana kutwa mtu na mwanawe wakanong'ona kama wezi.

Alasiri muuguzi alitoka, alama za shuka shavuni.

"Uliniuliza nini?"

"Kama utaolewa nami."

"Nina zamu saa kumi na mbili."

"Hilo si jibu, mpenzi."

"Ndilo. Nataka mume atakayenipeleka."

"Basi mpeleke," mama alisema kutoka jikoni. "Unamchelewesha mwanangu."