Mshale Uliokataa Sifuri

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Kitinda alifungua karakana ya baba yake na kuzirudisha mizani zote kwenye sifuri. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi mizani. Mshale ukianza vibaya, utasema uongo siku nzima.

Mezani palikuwa na mizani ishirini na moja. Kulikuwa na ya mchinjaji, ya muuza sukari, na ya zahanati ya kupimia watoto wachanga. Ishirini zilitii. Moja ilikataa.

Ilikuwa mizani ya baba mwenyewe, ya kilo kumi, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani. Asubuhi ilikaa sifuri vizuri tu. Ikifika saa kumi alasiri, sahani ikiwa tupu, mshale ulianza kutembea. Haukuruka. Ulikwenda polepole, kama vile kuna mtu anamimina sukari kijiko kwa kijiko. Ulipita tatu, ukapita sita. Ukifika nane na kidogo ulisimama, ukatulia hapo mpaka jioni.

Kitinda alibadilisha springi. Akasafisha meno ya gurudumu. Akaihamisha mizani mbali na dirisha, asije akasingizia jua. Wapi! Saa kumi ilipofika, mshale ulishika njia yake ileile. Siku ya nne nywele zilimsimama, akaifunika ile mizani kwa kitambaa.

Baba alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Aliacha mjane na watoto wawili. Wa kwanza ni dereva wa lori ambaye mtaa mzima unamwita Honi, kwa sababu hajui kunong'ona. Wa pili ndiye huyo Kitinda, aliyejifunza ufundi kwa baba tangu akiwa hafiki mezani.

Siku mshale ulipoanza kutembea, Kitinda aliikumbuka vizuri. Ilikuwa ni siku ileile waliyokubaliana namna ya kugawana urithi.

"Mambo ni mepesi kabisa," Honi alikuwa amesema, mpaka vikombe vikatetemeka. "Karakana na vyombo vyake, yule mwenye duka la mizani juzi alitaka kuvinunua kwa milioni kumi. Hati fungani ya serikali nayo imeandikwa milioni kumi. Mimi nachukua hati, wewe unachukua karakana. Ngoma droo!"

"Na deni la ile mashine ya kukereza?" Mama aliuliza.

Deni hilo lilikuwa la karakana. Muuza mashine alikuwa rafiki wa baba. Alikubali alipwe milioni moja, laki nne na elfu arobaini kwa mkupuo, baada ya miaka miwili, bila riba.

"Deni linakwenda na karakana," Honi alisema. "Kwa hiyo Kitinda anabaki na pungufu. Nitamwongezea nusu ya hilo deni, laki saba na ishirini, tuwe sawa. Ijumaa tunatia saini."

Kitinda alifurahi, tena sana. Mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya karakana laki saba, na mwisho wa mwezi ulikuwa mlangoni. Bila hizo fedha, kufuli la mwenye nyumba lingening'inia pale mlangoni, na ufundi wa baba ungeishia hapo.

Mama peke yake hakuonekana kufurahi. Alitazama upande wa karakana, akasema taratibu, "Baba yenu hajamaliza kupima."

Honi alicheka kwa sauti. Lakini tangu siku hiyo akawa haingii karakana peke yake.

Jumanne mvua ilinyesha, na ndani kukawa na kiza mchana kweupe. Kitinda alikuwa anatafuta bisibisi ndogo kwenye droo ya baba alipoona daftari. Juu ya ukurasa palikuwa na maneno "Hati fungani", na chini yake zilipangwa tarehe za siku tatu. Aliisoma ya kwanza, akaisoma tena.

Ilikuwa tarehe ya Ijumaa hii, ambayo ilikuwa haijafika.

Mwandiko ulikuwa wa baba, na ile saba yake yenye mkato katikati. Mbele ya tarehe hiyo aliandika milioni tisa, laki tatu na elfu ishirini na nne. Si kumi. Mtu aliyelala kaburini miezi miwili alikuwa ameandika bei ya siku ambayo hakuiona.

Nyuma yake kitambaa kilijikunja kidogo. Ilikuwa saa kumi kamili.

Kitinda hakungoja bisibisi. Alilikumbatia daftari, akakimbia kwenye mvua mpaka kwa jirani wao, Bi Hesabu. Huyu mama alifanya kazi benki, kwenye chumba cha watu wasioonekana na wateja. Kazi yao ni kukadiria thamani ya mali na madeni ya benki.

"Shikamoo, Bi Hesabu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo? Umefukuzwa na nani?"

"Na baba," Kitinda alisema, akamwekea daftari mezani.

Bi Hesabu alivaa miwani, akasoma, kisha akatabasamu kwa huzuni. "Tulia, keti. Hapa hakuna mzimu. Haya aliandika mwaka jana, na mimi ndiye niliyemfundisha, siku aliyokuja kutengeneza mizani ya sarafu pale benki. Tazama hapa pembeni: 'Kwa kumi na mbili.' Alichukua riba ya wakati ule, asilimia kumi na mbili, akapiga hesabu ya siku zijazo za kulipwa riba."

"Lakini hati imeandikwa milioni kumi!"

"Imeandikwa, ndiyo. Ni karatasi inayosema baba yako aliikopesha serikali milioni kumi. Kila mwaka inalipa riba ya laki nane, na ya mwaka huu Mama atapewa Ijumaa. Imebaki miaka mingapi?"

"Miwili. Mwakani laki nane. Mwaka wa pili laki nane nyingine pamoja na zile milioni kumi."

"Sasa nikuulize. Mwenye fedha leo, akienda kuikopesha serikali kwa miaka miwili, anapata riba gani?"

Kitinda alikuwa amesikia redioni. "Ishirini kwa mia."

"Basi nani atakupa milioni kumi kwa hati inayolipa nane kwa mia, na mpya zinalipa ishirini? Atakupa pungufu. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi benki inajiuliza: kitu hiki kina thamani gani leo? Hatutazami tulinunua ngapi, wala usoni kimeandikwa nini. Tunatafuta bei ambayo watu wawili wangekubaliana leo, wote wakijua wanachouziana, na hakuna aliyeshikiwa fimbo."

"Mnaijuaje?"

"Kama kitu chenyewe kinauzwa sokoni leo, tunachukua bei ya soko, basi. Kama hakiuzwi, tunatafuta kinachofanana nacho. Hati yenu imelala miaka, hakuna anayeuza ya namna hiyo, lakini riba za hati mpya tunazijua, zinatusaidia. Kazi inakuwa ngumu pale pasipo na soko wala mfano. Hapo tunakadiria wenyewe, na lazima tuandike wazi tumekisia nini, kisha mtu mwingine atukague. Ukikisia gizani bila kukaguliwa, utajipendelea tu."

Alichukua kalamu. "Tuilete fedha ya kesho iwe ya leo. Ukitaka laki nane mwakani, kwa riba ya ishirini, leo unaweka laki sita na elfu sitini na saba hivi. Na ile milioni kumi na laki nane ya mwaka wa pili? Leo unaweka milioni saba na nusu. Mwakani inakuwa tisa. Mwaka wa pili inakuwa kumi na laki nane. Jumlisha."

Kitinda alijumlisha. Ilikuja milioni nane, laki moja na elfu sitini na saba.

Nane na kidogo.

Kitinda aliweka kalamu chini. "Kumbe hata baba alikosea?"

"Njia yake ni sahihi. Riba yake ndiyo ya zamani. Wewe fundi mizani, unapima leo kwa sifuri ya mwaka jana?"

"Hapana. Narudisha kila asubuhi."

"Basi na yeye alijua. Ona safu ya mwisho ameiacha tupu. Juu yake ameandika nini?"

Kitinda alisoma kwa sauti ndogo: "Hakikisha siku hiyo."

Mvua ilikuwa imepungua. Kitinda aliuliza, "Na deni la mashine?"

"Deni nalo lina thamani ya leo. Ushirika wenu wa mafundi unakopesha kwa ngapi?"

"Ishirini vilevile."

"Weka milioni moja leo. Mwakani inakuwa moja na laki mbili. Mwaka wa pili ni moja, laki nne na elfu arobaini. Ndilo deni lenu hilo. Kwa hiyo leo linakuelemea milioni moja tu."

Kitinda alipiga hesabu kichwani. Karakana kumi, toa deni moja, ilibaki tisa. Hati ilikuwa nane na kidogo. Kumbe fungu kubwa lilikuwa lake. Honi hakutakiwa kumwongezea hata senti. Yeye ndiye alitakiwa kumpa kaka yake laki nne na elfu kumi na sita na mia tano.

"Na kama mtu hajui," aliuliza bila kumtazama Bi Hesabu, "akaipokea kwa milioni kumi?"

"Amepunjwa."

"Na mwenzake akinyamaza?"

Bi Hesabu alivua miwani. "Baba yako alikuwa akisemaje juu ya mtu anayeweka kidole kwenye sahani?"

Kitinda alichukua daftari, akaondoka. Jumatano hakusema neno. Alhamisi vilevile. Alijiambia kwamba Honi amechagua mwenyewe, kwamba hati aliitaka yeye, kwamba kodi ni kodi. Lakini Alhamisi saa kumi mshale haukutembea polepole. Ulikwenda mpaka nane na kidogo kwa mara moja, na sahani tupu ikalia, kama imewekewa jiwe. Aliogopa mpaka akalia machozi.

Ijumaa walikutana karakana, maana Mama alikataa pengine popote, na alimwita Bi Hesabu awe shahidi. Honi aliingia wa mwisho, mgongo ukiwa karibu na mlango. Alitoa bahasha. "Laki saba na ishirini hizi hapa. Tia saini twende, pananitisha hapa."

Kitinda alijikaza. "Kaka, zirudishe mfukoni. Hati yako haina thamani ya milioni kumi leo. Nimejua tangu Jumanne, nikanyamaza. Nisamehe."

Akaeleza yote, hatua kwa hatua, huku Bi Hesabu akitikisa kichwa kukubali.

"Lakini nikingoja miaka miwili si nitapewa kumi zangu?" Honi aliuliza.

"Utapewa, lakini baada ya miaka miwili," alisema Bi Hesabu. "Mdogo wako anapata karakana yake leo. Mnagawana leo, basi pimeni kwa leo."

  Honi alisema, kwa sauti ya chini ambayo hawakuwahi kuisikia, "Ungenyamaza, mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Na kodi utalipa na nini?"

"Sijui."

Honi aliitazama bahasha, akaisukuma mezani. "Lipa kodi. Huo ni mkopo, pamoja na hizo laki nne na kitu ninazokudai sasa. Utanilipa kidogo kidogo."

"Kwa riba ya ishirini?" Bi Hesabu alichokoza.

"Wewe mama, benki kaiache benki!"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Walitia saini. Ilikuwa imepita saa kumi. Kitinda alikwenda kufunua kitambaa, na wote wakasogea, hata Honi.

Mshale ulikuwa kwenye sifuri.

Mwaka mzima ulikaa hapo. Kodi ililipwa, na Kitinda alimaliza deni la kaka yake mwezi wa kumi na moja. Kwenye lile daftari aliijaza safu iliyoachwa tupu, kwa mwandiko wake.

Riba ya mwaka ilipokwisha kulipwa, Honi alikuja mbio. Alitaka kununua gari dogo la mizigo, na dalali mmoja alikuwa tayari kuichukua hati kwa milioni tisa, taslimu.

"Subiri," alisema Kitinda. "Leo serikali inakopa kwa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Nimeuliza kabla sijaja, siku hizi mimi si mjinga."

Walikaa mezani wakapiga hesabu pamoja. Imebaki milioni kumi na laki nane, ya mwakani. Ni kiasi gani leo, kwa kumi na mbili na nusu, kitafika hapo? Walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Milioni tisa na laki sita.

"Huyo dalali alitaka kuninyonya laki sita!" Honi alipiga kelele mpaka mizani zikalia. "Nitaipeleka benki, waseme bei yao."

Na benki baadaye waliinunua karibu kabisa na hesabu hiyo. Lakini hilo lilikuwa bado mbele. Siku hiyo, saa kumi ilipogonga, kitambaa kilichofunika tena mizani ya baba kilijikunja chenyewe. Ndugu wawili walitazamana. Kitinda alikwenda akakiinua.

Sahani ilikuwa tupu. Mshale ulisimama kwenye tisa na sehemu sita za kumi.

Kitinda alimtazama kaka yake, akitegemea kumwona ameshafika barabarani. Honi hakukimbia. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya adabu, kama mtoto mbele ya mzazi:

"Shikamoo, baba."

Mshale ukaanza kurudi, taratibu, mpaka sifuri.